Neno na picha: Ubongo hupokeaje lebo ya mbegu na dawa?

Kila msimu wa kupanda unapowadia, mkulima wa Endebess, katika Kaunti ya Trans Nzoia, hukutana na maandishi na picha kwa wakati mmoja. Mfuko wa mbegu una nambari. Chupa ya dawa ya kuua wadudu ina utepe wa rangi chini ya lebo, michoro midogo ya glavu na buti, na aya kadhaa za maandishi yaliyobanana kwa Kiingereza na Kiswahili. Anachokielewa katika dakika chache anazosimama mbele ya kaunta ya duka la pembejeo kinaweza kuamua mavuno yake, na wakati mwingine uhai wa watu wa nyumbani kwake.

Swali la namna ubongo unavyopokea neno lililoandikwa, na namna unavyopokea picha isiyo na maneno, limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya karne moja. Majibu yao yanaonyesha kwamba neno na picha huingia kwa mlango mmoja lakini huishia katika vyumba tofauti. Yanaonyesha pia kwamba hakuna kimoja kati ya viwili hivyo kinachoweza kuifanya kazi yote ya mwenzake.

Mlango mmoja, vyumba viwili

Mwanga unaotoka kwenye ukurasa au kwenye mchoro hupita katika mboni ya jicho na kufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho wenye chembe zinazohisi mwanga. Kutoka hapo habari husafiri kwa neva hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Huko ubongo huanza kwa kutambua mambo madogo madogo: mistari, pembe, rangi, na mipaka ya mwanga na giza. Kufikia hapo, herufi na jani la mhindi bado ni vitu vya aina moja.

Tofauti hujitokeza mbele kidogo, upande wa chini wa ubongo, mahali ambapo maumbo huunganishwa na kupewa maana. Baada ya takriban milisekunde 170, yaani chini ya robo ya sekunde, vipimo vya umeme wa ubongo huonyesha kwamba kwa msomaji mzoefu neno lililoandikwa limeamsha zaidi upande wa kushoto, ilhali uso wa mtu huamsha zaidi upande wa kulia.

Sehemu hiyo ya kushoto ilipewa jina la eneo la umbo la neno mwaka 2000 na watafiti wa Ufaransa Laurent Cohen na Stanislas Dehaene pamoja na wenzao. Kazi yake ni kutambua kwamba neno ni lile lile, liwe limeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo, kwa chapa hii au ile. Likishatambuliwa, neno hupelekwa haraka kwenye sehemu zinazoshughulikia matamshi na maana.

Ushahidi wa kwanza wa jambo hilo ni wa kale zaidi. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Joseph Jules Dejerine alieleza habari za mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kusoma kwa ghafla baada ya kupatwa na kiharusi. Mtu huyo aliendelea kuzungumza, kuwatambua watu na vitu, na hata kuandika; lakini alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe hakuweza kukisoma. Kwa upande mwingine, daktari Mjerumani Joachim Bodamer alieleza mwaka 1947 habari za wagonjwa walioshindwa kutambua nyuso za watu, ingawa macho yao yalikuwa yakiona.

Visa hivyo vinathibitisha kwamba uwezo wa kusoma na uwezo wa kutambua sura ya kitu ni mambo mawili yanayoweza kutenganishwa. Mtu anaweza kulitambua hindi lenyewe, na asiweze kulisoma neno "hindi".

Kusoma ni kazi ya kujengwa

Maandishi ni uvumbuzi wa juzi katika historia ya binadamu. Yalianza Mesopotamia na Misri miaka elfu tano na ushei iliyopita, na kwa muda mrefu yalibaki mikononi mwa watu wachache. Muda huo ni mfupi mno kwa ubongo kuwa na sehemu inayozaliwa tayari kwa ajili ya kusoma. Kwa hiyo mtoto anapofundishwa herufi, ubongo wake hulazimika kuazima sehemu iliyokuwa ikitumika kutambua vitu vingine na kuipa kazi mpya.

Mwaka 2010 Dehaene na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusu watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Kati yao, 10 hawakujua kusoma, 22 walijifunza wakiwa watu wazima, na 31 walisoma tangu utotoni. Wote walipimwa kwa mashine ya sumaku inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi.

Ilibainika kwamba kadiri mtu alivyosoma vizuri zaidi, ndivyo eneo la kushoto lilivyoyaitikia maandishi kwa nguvu zaidi. Kwa wasomaji, mwitikio wa eneo hilo kwa nyuso ulipungua kidogo, na kazi ya kutambua nyuso ikaegemea zaidi upande wa kulia. Jambo la kutia moyo ni kwamba mabadiliko mengi ya aina hiyo yalionekana pia kwa wale waliojifunza kusoma ukubwani. Ubongo wa mtu mzima haujafungwa mlango.

Uazimaji huo una gharama yake, na walimu wa madarasa ya chini huiona kila mwaka. Katika kutambua vitu, ubongo umezoea kupuuza upande ambao kitu kimeelekea: ng'ombe anayetazama kushoto ni ng'ombe yule yule akigeuka kulia. Herufi hazikubali mazoea hayo. Herufi "b" ikigeuzwa huwa "d", na mtoto anayeanza kusoma anaweza kumgeuza "baba" kuwa "dada". Kosa hilo la mtoto mdogo si dalili ya uzito wa akili. Ni ubongo unaotumia kanuni ya picha mahali panapohitaji kanuni ya maandishi.

Mtu akishazoea kusoma, hawezi kujizuia kusoma. Mwaka 1935 mtaalamu Mmarekani John Ridley Stroop alionyesha kwamba watu huchelewa kutaja rangi ya wino ikiwa neno lililoandikwa kwa wino huo ni jina la rangi nyingine. Neno "nyekundu" likiandikwa kwa wino wa kijani, msomaji hulisoma kabla hajalitaja lile aliloombwa kulitaja.

Nguvu ya picha

Picha haihitaji kusubiri darasa la kwanza ili ianze kufanya kazi. Mwaka 1996 Simon Thorpe na wenzake nchini Ufaransa waliwaonyesha watu picha kwa muda wa milisekunde 20 tu, kisha wakawauliza kama ndani yake mlikuwa na mnyama. Vipimo vya umeme vilionyesha kwamba ubongo ulikuwa umekwisha kutofautisha picha zenye mnyama na zisizo naye katika muda wa takriban milisekunde 150.

Picha pia hukaa kumbukumbuni. Mwaka 1967 Roger Shepard wa Marekani alichapisha jaribio ambamo watu walionyeshwa mamia ya maneno, sentensi na picha, kisha wakaombwa kutambua walichokwisha kukiona. Walitambua picha kwa usahihi zaidi kuliko maneno na sentensi. Mwaka 1970 Lionel Standing na wenzake waliwaonyesha watu picha 2,560 kwa siku kadhaa, na bado watu hao waliweza kutambua zaidi ya asilimia 90 ya picha walizopimwa nazo.

Mtaalamu wa Kanada Allan Paivio, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1971, alitoa maelezo ambayo yangali yakitumiwa. Kwa maoni yake, akili huhifadhi mambo kwa njia mbili, ya maneno na ya taswira. Mtu akiona picha ya tembo huhifadhi sura yake na kwa kawaida pia jina lake. Akisoma neno lisilo na sura inayoonekana, kama vile "haki" au "kipimo", hubaki na hifadhi moja. Kamba mbili hushika kuliko moja.

Wauzaji wa mbegu wameutumia ukweli huo, na Trans Nzoia ndiko mahali pa kuutazama. Kituo cha utafiti cha Kitale ndicho kilichotoa mahindi chotara ya H611 mwaka 1964, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye makao yake mjini Kitale, imeendelea kuziita mbegu zake kwa herufi na nambari, kama vile H614 na H6213. Tarakimu ya kwanza ina maana: 6 huashiria nyanda za juu, na 5 maeneo ya mwinuko wa wastani. Aliyefundishwa hulijua hilo. Asiyefundishwa huona nambari tu.

Kampuni ya SeedCo ilichagua njia nyingine, ikaziita mbegu zake kwa majina ya wanyama: Sungura, Duma, Punda Milia, Simba na Tembo, kila moja ikiwa na nambari yake. Mnyama mwepesi huashiria mbegu inayokomaa mapema, na mnyama mkubwa huashiria ile inayochukua muda mrefu shambani. Mkulima wa miteremko ya Mlima Elgon, ambako tembo huingia katika mapango kulamba chumvi, hahitaji kufunzwa kwamba tembo hana haraka. Jina limebeba picha, na picha imebeba maelezo ambayo nambari peke yake isingeyabeba.

Picha nayo husomwa

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kila picha hujieleza. Wataalamu hutofautisha mchoro unaofanana na kitu na alama ambayo watu wamekubaliana juu ya maana yake.

Mchoro unaofanana na kitu hutambulika karibu bila mafunzo. Mwaka 1962 watafiti wa Marekani Julian Hochberg na Virginia Brooks walieleza habari za mtoto aliyelelewa hadi umri wa miezi 19 pasipo kufundishwa chochote kuhusu picha. Alipoonyeshwa michoro ya vitu alivyovifahamu, alivitaja. Lakini watu wazima wa jamii ya Me'en nchini Ethiopia, ambao hawakuwa wamezoea picha, waliitambua michoro ya wanyama iliyochorwa kwenye kitambaa kwa juhudi na hatua kwa hatua, kwa mujibu wa utafiti wa Jan Deregowski na wenzake wa mwaka 1972. Walipopewa karatasi yenye mchoro, baadhi yao waliinusa na kuipapasa karatasi yenyewe. Hawakukosa akili, walichunguza kitu kigeni kwa njia waliyoijua.

Alama za makubaliano ni ngumu zaidi, na lebo za dawa za shambani zimejaa alama hizo. Utepe wa rangi hufuata madaraja ya sumu ya Shirika la Afya Duniani: mwekundu kwa sumu kali zaidi, wa njano kwa sumu ya wastani, wa buluu kwa sumu hafifu, na wa kijani kwa dawa isiyotarajiwa kuleta madhara ya papo hapo ikitumiwa ipasavyo. Hakuna chochote katika rangi yenyewe kinachosema hivyo. Mtu ambaye hakuelezwa anaweza kuuona utepe wa kijani akafikiri unahusu majani, au akauona ule wa njano kuwa pambo la kampuni.

Michoro nayo ina mitego. Samaki aliyechorwa kwenye lebo anamaanisha kwamba dawa hiyo ina madhara kwa samaki, na kwamba haifai kumwagwa wala chombo chake kuoshwa mtoni. Kwa anayekaa karibu na mto Suam na asiyejua makubaliano hayo, samaki yuleyule anaweza kumaanisha dawa ya kuvulia samaki. Picha humwonyesha mtu kitu, lakini hupata taabu kumwambia "usifanye". Haina pia njia nyepesi ya kusema "mililita 20 kwa bomba la lita 20" wala "subiri siku saba kabla ya kuvuna". Ukanushaji, kiasi na wakati ni kazi za neno na tarakimu.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2008 Hanna-Andrea Rother wa Chuo Kikuu cha Cape Town alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mashambani nchini Afrika Kusini na jinsi walivyoielewa michoro ya tahadhari kwenye lebo za dawa. Wengi wao waliipa michoro hiyo maana isiyokusudiwa, baadhi kwa namna ambayo ingewatia hatarini.

Somo la Iraq

Mfano mchungu zaidi unatoka Iraq. Mwaka 1971 nchi hiyo iliagiza ngano na shayiri kwa ajili ya mbegu, baada ya ukame kuharibu mavuno. Nafaka hiyo ilikuwa imetiwa dawa ya zebaki ya kuzuia kuvu, na ikatiwa rangi nyekundu kama onyo. Sehemu ya magunia ilikuwa na maandishi ya tahadhari kwa Kihispania na Kiingereza, pamoja na fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana.

Wakulima wa vijijini hawakuzijua lugha hizo, na fuvu halikuwa na maana ya sumu kwao. Shehena nyingi zilifika wakati wa kupanda umepita. Familia zilizokuwa na njaa zilisaga nafaka hiyo na kuoka mikate. Wengine waliiosha, na rangi ilipotoka wakaamini kwamba sumu nayo imetoka. Takwimu rasmi zilitaja watu 6,530 waliolazwa hospitalini na 459 waliofariki.

Katika mkasa huo neno lilishindwa kwa sababu lilikuwa la lugha ngeni, picha ikashindwa kwa sababu ilikuwa alama ngeni, na rangi ikashindwa kwa sababu ilifahamika kinyume. Mbegu za mahindi zinazouzwa Kenya hutiwa dawa na rangi pia. Ndiyo sababu mabaki ya mbegu hayafai kusagwa wala kupewa kuku, hata baada ya kuoshwa, na ndiyo sababu jambo hilo halifai kuachiwa rangi peke yake ilisemee.

Ndizi na chungwa

Wakenya wana mfano wao wa alama iliyofanikiwa. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, upande wa "Ndiyo" ulipewa ndizi na upande wa "La" ukapewa chungwa. Tunda halina uhusiano wowote na katiba. Lakini kwa wiki kadhaa majina ya matunda hayo yalitamkwa redioni, sokoni na katika mikutano ya hadhara, hata asiyejua kusoma akajua alama ipi ni ya upande upi. Chungwa likashinda, na baadaye likaacha jina lake kwa chama cha ODM. Katika kura ya tarehe 4 Agosti 2010, rangi ya kijani na nyekundu zilichukua nafasi ya matunda, na mafunzo yakafanywa upya.

Alama hizo zilieleweka kwa sababu maneno yalikuwa yamezitangulia. Alama za lebo ya dawa hazijawahi kupata kampeni ya namna hiyo.

Yanayowezekana

Haja ya kampeni hiyo ipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 kuhusu kisomo cha watu wazima ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima wa Kenya walijua kusoma na kuandika. Takriban wawili kati ya kila watano hawakujua. Nao viwavijeshi vamizi, walioripotiwa magharibi mwa Kenya mwaka 2017, waliwafanya wakulima wengi wa mahindi waanze kunyunyiza dawa ambazo awali hawakuwa na haja nazo.

Sayansi ya ubongo inaashiria mambo matatu. La kwanza ni kuviweka neno na picha pamoja, kimoja karibu na kingine, ili jicho lisitafute maelezo ya mchoro upande wa pili wa chupa. Kamba mbili za Paivio hufaa zikifungwa mahali pamoja.

La pili ni kulipa Kiswahili nafasi inayosomeka. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na tarakibu zake za herufi ni chache. Mwaka 2000 Eraldo Paulesu na wenzake walionyesha kwamba Waitaliano, ambao maandishi yao ni ya namna hiyo, husoma kwa kasi zaidi kuliko Waingereza, ambao maandishi yao yana kanuni nyingi zinazovunjwa. Mtu mzima anayejifunza kusoma Kiswahili ana mzigo mwepesi zaidi. Lakini maandishi madogo kama sisimizi huufuta wepesi huo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na habari isiyosomeka haijatolewa.

La tatu ni kufundisha alama kama zinavyofundishwa herufi. Shule, madarasa ya elimu ya watu wazima, redio zinazotumia lugha za Wasabaot na Wabukusu, na maafisa wa kilimo wa nyanjani wanaweza kueleza utepe mwekundu na mchoro wa samaki katika dakika tano.

Njia ya haraka kuliko zote haihitaji bajeti. Muuzaji wa duka la pembejeo akimkabidhi mkulima chupa, amsomee kipimo, amwonyeshe mchoro, kisha amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyoitumia dawa hiyo. Mkulima akieleza sawasawa, lebo imesomwa, awe anajua kusoma au hajui. Asipoeleza sawasawa, kosa limegunduliwa mapema, kabla chupa haijafika nyumbani.